Hofu Ikipata Bwana

Mwaka 1954 mwalimu mmoja wa shule nchini Uingereza, William Golding, alitoa riwaya yake ya kwanza, Lord of the Flies, na mpaka leo watu hawajaacha kuisoma wala kuibishania. Ndege iliyowabeba wavulana wa Kiingereza wanaokimbizwa kutoka vitani inaanguka kwenye kisiwa kisicho na watu, na hakuna mtu mzima anayesalimika. Mwanzoni watoto wanajipanga vizuri. Wanamchagua Ralph awe kiongozi, wanakubaliana kuitana mkutanoni kwa kupuliza kombe la baharini, wanawasha moto mlimani ili meli ipitayo iwaone. Kisha wadogo wanaanza kuota ndoto mbaya na kusema kuna mnyama kisiwani. Hofu hiyo inaenea mpaka kwa wakubwa. Jack, kiongozi wa wawindaji, anawapaka wenzake rangi usoni, anawagawia nyama, na anawavuta wengi kambini kwake. Simon, mtoto mpole aliyekuja kuwaambia kwamba huyo mnyama ni maiti tu ya askari aliyeanguka na mwavuli, anauawa kwa mikono yao katikati ya ngoma, usiku wa mvua. Piggy, mwenye miwani na akili, anaporomoshewa jiwe. Golding alikuwa ametumika katika jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na aliyoyaona huko hayakumwacha na imani kubwa juu ya binadamu. Wasomaji wengi wamekipokea kitabu chake kwa maana moja: mwondoe mtu mzima, iondoe sheria, na mnyama aliyelala ndani ya mtoto ataamka.

Magharibi mwa Tanzania ina ushahidi wake juu ya jambo hili, na haukutungwa na mwandishi. Katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, maelfu ya watoto na vijana walitengwa na makwao. Wengine walitoka kwa hiari, wengine walitekwa, wengine walikimbia vijiji vilivyochomwa moto. Wote waliijua hofu. Lakini njia ile ile, katika miaka ile ile, ilitoa vijana wa namna mbili zisizofanana kabisa: mpagazi na rugaruga. Mpagazi alivuka nyika na mzigo begani akarudi kwao kuoa na kulima. Rugaruga aliishi kwa kuua na kupora. Kama ukatili ungekuwa unazuka wenyewe kila mtoto anapokosa wazazi na sheria za kwao, tofauti hii isingekuwepo. Mimi naona hofu peke yake haimgeuzi mtoto kuwa muuaji. Humgeuza pale inapopata bwana, yaani mtu anayeiokota, anayeilisha, na anayeipa kazi ya kufanya.

Tuanze na wapagazi, kwa sababu habari zao husahauliwa kirahisi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, mji uliokuja kuwa Tabora, mwishoni mwa mwaka 1857, walikuta biashara iliyokwisha kukomaa. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu muda mrefu kabla ya mzungu yeyote kuijua njia hiyo. Kwa kijana wa Unyamwezi, safari ya kwenda pwani ilikuwa hatua ya kuwa mtu mzima, na asiyewahi kuiona bahari alichekwa na wenzake. Hata watoto walikwenda. Walionekana katika misafara wakibeba pembe ndogo zinazolingana na nguvu zao, au mikeka na vyungu vya baba zao na kaka zao. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi mitatu hivi, na kati ya Ugogo na Unyamwezi ilikuwepo Mgunda Mkali, nyika kavu ambayo msafara uliivuka kwa siku nyingi bila kijiji cha kununua chakula na bila hakika ya maji. Ndui ilikuwa ikiwaangusha watu njiani. Simba walizunguka kambi. Aliyeshindwa kutembea aliweza kuachwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyelala Mgunda Mkali alikuwa na sababu nyingi zaidi za kuogopa giza kuliko wavulana wa Golding kwenye kisiwa chao chenye matunda na maji matamu.

Hofu hiyo haikukanushwa na mtu. Ilipangiwa mahali pake. Kabla ya kuondoka, mganga alitazama njia na kuwapa wasafiri dawa. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa manyoya na kitambaa chekundu, na watu walimfuata kwa sababu aliijua njia na alikuwa amechaguliwa na wenziwe. Jioni wapagazi waligawanyika katika kambi ndogo ndogo, kila kambi na chungu chake, na kila mtu alijua nani analala kushoto kwake na nani atambebea mzigo akiugua. Posho ilikuwa ya makubaliano. Tajiri aliyeipunguza aliwakuta asubuhi wamekaa kitako na mizigo ipo chini. Juu ya hayo kulikuwa na utani. Mnyamwezi aliyefia Uzaramo au Uzigua, mbali na ndugu zake wote, alikuwa na watani waliowajibika kumzika, na kwa utani huo huo mgeni aliweza kuomba chakula nyumbani kwa mtu asiyemjua bila kuchukuliwa kuwa adui. Msafara nao ulikuwa na baragumu lake, kama wavulana wa kisiwani walivyokuwa na kombe lao. Lakini nyuma ya baragumu palikuwa na mkataba, chungu cha pamoja, kirangozi aliyeaminika, na wajibu wa kuzikana. Nyuma ya kombe la Ralph palikuwa na heshima tu ya siku chache za mwanzo. Ndiyo sababu Jack alipokataa kuliitikia hapakuwa na kitu cha kumrudisha.

Sasa rugaruga. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, utemi uliouzunguka mji wa Tabora, alipofariki mwaka 1858, alirithiwa na Mnywa Sele, ambaye alitaka wafanyabiashara Waarabu wa Tabora nao walipe kodi. Waarabu wakamwondoa kwa nguvu mnamo 1860 na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaingia porini na watu wake, na vita ya kuviziana ikaendelea hadi alipouawa mwaka 1865. Upande wa kaskazini walikuwepo Watuta, kundi la Wangoni lililotoka kusini, ambao desturi yao ilikuwa kuwachukua wavulana waliowateka na kuwafanya askari wao wenyewe. Biashara ya watumwa ilikuwa imepanda pamoja na ile ya pembe. Na bunduki ziliingia kwa wingi, nyingi zikiwa zile ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameziacha baada ya kupata silaha mpya. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka kupitia pwani. Hivyo nchi ilijaa vijana waliokuwa mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioikimbia misafara, na watoto ambao kijiji chao kilikuwa majivu. Hawa ndio walioitwa rugaruga. Hawakuwa kabila, wala ukoo mmoja haukuwaunganisha. Kilichowaunganisha ni kwamba hapakuwa na mtu nyumbani aliyekuwa akiwangoja.

Mtemi Mirambo, aliyezaliwa mnamo 1840 na kurithi utemi mdogo wa Uyowa, aliona katika vijana hao kitu ambacho wengine hawakukiona. Alijifunza mbinu za Watuta, akawafanya washirika, kisha akawakusanya rugaruga na kuwapa bunduki, ngawira na jina. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, wakiwa na mwandishi Henry Morton Stanley katika jeshi lao, walikwenda kumshambulia. Waliiteka ngome moja upande wa Ulyankulu, na walipokuwa wakirudi wamejitwisha mapato yao, vijana wa Mirambo waliinuka kutoka kwenye nyasi na kuwamaliza. Wiki chache baadaye Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akaua wakubwa wa mji akiwemo Khamis bin Abdullah, na akachoma sehemu kubwa ya nyumba. Stanley alikutana naye ana kwa ana mwaka 1876 wakachanjiana udugu. Kwa maelezo ya Stanley, Mirambo alimweleza wazi kwamba kwenye vita vya uwandani hapendi watu wazima. Anapenda vijana wanaochipukia tu, wasio na mke wala mtoto wa kumfikiria, wenye macho makali na viungo vyepesi. Maneno hayo yanastahili kusomwa polepole. Mtemi hakungoja ukatili ujitokeze ndani ya wavulana. Aliwachagua kwa sababu walikuwa bado hawajafungwa na kitu chochote cha kupoteza.

Sura yao nayo ilitengenezwa. Wasafiri na wamisionari walieleza vijana waliovaa vitambaa vyekundu na manyoya, waliofuga nywele ndefu, waliovuta bangi kabla ya mapambano, na waliojipamba kwa meno na nywele za waliowaua. Mapambo hayo yalimfanyia kazi mvaaji kuliko yalivyomfanyia adui. Aliyewahi kulala peke yake porini akimwogopa kila apitaye, sasa yeye ndiye anayeogopwa. Hapa Golding aliona sawasawa, na ndipo riwaya yake inapostahili sifa: Jack hana ujasiri wa kuua nguruwe mpaka ajipake rangi usoni, na anapojiona majini na uso huo mpya aibu inamtoka. Upande wa kusini mashariki, katika nchi ya Wakimbu, Nyungu ya Mawe naye alijenga utawala wake kwa rugaruga. Masimulizi ya huko yanasema aliwaita magogo, akiamuru vitani magogo zaidi yaongezwe. Kijana aliyeokolewa njaa na upweke na mtu wa namna hiyo hakuokolewa kamwe. Hofu yake ilibadilishiwa tu matumizi.

Najua msomaji wa Tabora au Urambo atanikatiza hapa. Mirambo, atasema, hakuwa jambazi. Alikuwa mjenzi wa dola, aliyepigania haki ya Wanyamwezi kuitawala njia iliyopita katika ardhi yao, na jina lake lipo kwenye taasisi na mitaa ya nchi hii kwa sababu nzuri. Nakubali yote hayo. Urambo, makao makuu ya Mirambo, ilikuwa na soko, ilikuwa na ulinzi, na ilimpokea mmisionari daktari Ebenezer Southon mwaka 1879 na kumwacha afanye kazi yake. Nyungu naye aliweka watawala katika kila sehemu ya nchi yake, na mpango huo ulidumu baada ya kifo chake. Lakini pingamizi hili linaiongezea hoja yangu nguvu. Kama rugaruga wangekuwa wanyama waliofunguliwa kamba, wasingeweza kujenga chochote. Walikuwa jeshi lenye amri, lenye malipo, lenye mgawanyo wa ngawira. Ukatili wao uliwashwa na kuzimwa na mkono wa mtu. Na mkono huo ulipoondoka, mambo yalionekana. Mirambo alikufa Desemba 1884. Hakuwa amewajengea vijana wake kifungo kingine zaidi ya nafsi yake, na dola lake likaanza kuvunjika vipande karibu mara moja.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo linahusu mashahidi. Habari nyingi za rugaruga ziliandikwa na wazungu waliokuwa na haja ya kuwaona Waafrika kuwa washenzi, kwa kuwa picha hiyo ilifungua mlango wa kututawala. Kweli, na kila habari ya meno na nywele inafaa ipokelewe kwa tahadhari. Lakini masimulizi ya wazee wa Unyamwezi na Ukimbu yenyewe hayakuwakumbuka rugaruga kama watu wema, na vijiji vilivyojizungushia maboma ya miti kila mahali vilikuwa ushahidi uliosimama ardhini. Golding pia anahusika katika jambo hili. Alikuwa akiwajibu waandishi wa Kiingereza wa karne iliyotangulia, ambao katika hadithi zao wavulana wa kizungu hubaki wapole kisiwani huku ukatili ukiletwa na watu weusi. Yeye aliuweka ukatili ndani ya wavulana wa kwaya wa Kiingereza, na huo ulikuwa uungwana wa kalamu. Hata hivyo alipotafuta sura ya ukatili aliazima ile ile ya zamani: rangi usoni, mikuki, ngoma, kabila. Wavulana wake wanapoharibika wanafanana na picha ambayo wakoloni walituchora sisi. Hakuona kwamba sura halisi ilikuwa karibu naye zaidi, ya ofisa nadhifu wa jeshi la majini anayetokea ufukweni mwishoni mwa kitabu kuwaokoa, na meli yake ya vita ikimngoja nyuma.

Maana kitabu chenyewe kinashuhudia hivyo kikisomwa kwa makini. Vita vya watu wazima ndivyo vilivyowapeleka watoto kisiwani. Mnyama wanayemwogopa mlimani ni mtu mzima aliyekufa vitani. Watu wazima hawakukosekana katika habari ile hata siku moja; walikuwepo kama walivyokuwepo njiani Tabora, wakileta bunduki na kuondoka na pembe. Na Wajerumani walipofika, hawakuwafuta rugaruga kama jambo la kishenzi. Baada ya kuivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe Januari 1893, walimwendea kijana wa aina hiyo hiyo na kumpa kazi ile ile. Rugaruga walitumika kama askari wa msaada katika kuzima Maji Maji, na tena katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hofu ilipata bwana mpya mwenye bendera.

Watu wanaotaka kumpinga Golding siku hizi hupenda kutaja wavulana sita wa Tonga, katika bahari ya Pasifiki, waliochukua mashua mwaka 1965 na kutupwa na dhoruba kwenye kisiwa cha 'Ata. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Waliwasha moto wakautunza usizimike, wakalima bustani, wakagawana zamu, wakasali, na mmoja alipovunjika mguu wenzake walimfunga mguu ukapona. Nahodha Peter Warner aliwakuta wazima mwaka 1966. Habari hii ni ya kweli na inafurahisha, lakini haitoshi kuthibitisha kwamba watoto ni wema tu. Wale walikuwa marafiki kutoka shule moja, wenye dini moja, nao walifika kisiwani na imani waliyokuwa nayo tayari kwa kila mmoja. Hakuna aliyewatangulia huko na bunduki. Ushahidi mgumu zaidi unatoka kwa waliovunjwa kwanza, na Tabora iliuona ukipita. Oktoba 1873 ulifika mjini msafara uliobeba maiti ya mmisionari na msafiri David Livingstone, aliyefariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Chuma, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa mwaka 1861, na pamoja naye Jacob Wainwright, naye pia mtoto aliyenyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa na kulelewa katika shule ya misheni huko India. Hapo walimkuta ofisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike palepale na kuacha safari ya hatari. Walikataa. Wakaendelea kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hawa walikuwa na kila sababu ambayo rugaruga walikuwa nayo. Tofauti ni kwamba mtu aliyewaokota aliwapa kitu cha kulinda, na wenzao wakawa watu wa kutegemeana.

Mwaka 1996, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ambako misafara ya Ujiji ilikuwa ikivuka, jeshi la Laurent-Désiré Kabila liliingia vitani na watoto walioitwa kadogo, wakiwa na bunduki zinazokaribia urefu wao. Kaskazini mwa Uganda, kiongozi wa waasi Joseph Kony aliwateka watoto wakienda shule na kuwalazimisha kuua ili wasiwe na kwao pa kurudi. Mmoja wao, Dominic Ongwen, alitekwa akiwa mtoto mdogo, akapanda vyeo mpaka akawa kamanda, na Mei 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kifungo cha miaka 25. Majaji walisema utoto wake ulioibiwa haufuti hatia ya alichokifanya akiwa mtu mzima, lakini waliuhesabu katika kupima adhabu. Naona walipatia. Kusema kwamba hofu ya mtoto ilitengenezewa kazi na mtu mwingine si kusema kwamba aliyekua hana hiari tena. Ni kusema hesabu ianzie kwa aliyemchukua njiani.

Ulyankulu ile iliyowaona vijana wa Mirambo wakiinuka nyasini mwaka 1871 ilipewa wageni wapya karne moja baadaye. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, serikali ya Tanzania iliwapeleka wakimbizi huko, na miongoni mwao walikuwemo watoto wengi waliokuwa wameona yale yale waliyoyaona watoto wa Unyamwezi enzi za Mnywa Sele: nyumba zinaungua, baba harudi. Walikuwa malighafi kamili ya rugaruga. Lakini wengi wao hawakuokotwa na mtu mwenye jeshi. Walipewa ardhi, majembe na shule, wakakata pori wakalima mahindi na tumbaku, na barabara za makazi zikapewa namba. Kutoka Barabara ya 13 ikatoka kwaya ambayo nyimbo zake ziliimbwa Tanzania nzima. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 waliotokana na wakimbizi hao wa 1972, wa Ulyankulu pamoja na makazi ya Katumba na Mishamo.